Nyumba ya Wanaoanguka

Mtaani walimwita Paka, na hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Alikuwa fundi wa kuezeka, na akiwa juu alitembea kwenye mbao nyembamba za paa kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Akishuka alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye wajukuu wawili aliowaona kwa nadra kwa kuwa watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa mbali. Kimo hakikumtisha. Kilichomtisha ni kuona mtu akitetemeka.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo chake. Shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe, alikuwa akifanya naye kazi. Asubuhi moja walikuwa wanapigilia mabati kwenye ghala, mmoja upande huu wa paa, mwingine upande ule. Paka akasikia nyundo ya mwenzake imenyamaza. Alipoinua macho, shemeji alikuwa amekakamaa, macho yamegeuka, mkono mmoja unagonga bati haraka haraka kama mtu anayebisha hodi. Kabla Paka hajafika, kijana alikuwa ameteleza. Hakuna ambaye angemuwahi. Mafundi wote walisema hivyo, hata waliokuwa chini wakitazama. Hospitali iliuliza kama marehemu alikuwa na kifafa, na familia ikajibu kwa uhakika kwamba hapana. Baada ya mazishi dada yake, mke wa Paka, alipokuwa anafua nguo zake, akakuta vidonge ndani ya soksi.

Paka alirudi juu ya mapaa kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua. Lakini tangu siku ile, hata akiona mtoto wa jirani anatetemeka kwa homa, kijasho chembamba kilimtoka, na mara moja alikumbuka kitu alichokisahau nje.

Miaka ikapita. Nyuma ya kanisa lao kulikuwa na jengo refu, zamani lilikuwa bweni la shule. Waumini wachache walikuwa wamehamia humo kuishi pamoja na watu wenye kifafa waliofukuzwa na ndugu zao. Hawakuwa watawa, wala hawakuwa matabibu. Alikuwemo mpishi wa shule aliyestaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye kila mtu alimwita Mama Mkubwa. Alikuwemo mwalimu wa hesabu na mkewe. Na wagonjwa wenyewe walikuwa saba. Waliamka pamoja, wakasali pamoja, wakala kutoka sufuria moja, na aliyeanguka alihudumiwa na yeyote aliyekuwa karibu. Mtaani waliiita nyumba ya wanaoanguka. Wapita njia walihamia upande wa pili wa barabara, wakiamini kwamba povu la mgonjwa likikugusa, umekwisha.

Paa la jengo hilo lilipoanza kuvuja, mchungaji alimwomba Paka akaliangalie. Kumkatalia mchungaji hakuweza. Alijikaza kisabuni, akaenda, akapanda ngazi bila kumtazama mtu usoni, akaanza kung'oa mabati yaliyooza juu ya chumba cha kulia. Chini yake watu walikuwa mezani. Alisikia vijiko, alisikia mtu akicheka. Kisha akasikia benchi limeburuzwa.

Alitazama kupitia tundu alilolitoboa mwenyewe. Kijana mmoja alikuwa sakafuni anatupa miguu. Mama Mkubwa alikuwa amepiga magoti kando yake, amemwekea sweta chini ya kichwa, anamgeuza ubavu taratibu. Mwalimu alisogeza viti. Mkewe alitazama saa ya ukutani. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyekimbia, na mzee mmoja mgonjwa aliendelea kutafuna huku ameweka kiganja chake juu ya mguu wa kijana, basi, kama unavyomwekea mkono mtu uliyezoea kukaa naye.

Paka aliyaona hayo yote, na mwili wake ukafa ganzi. Aliikumbatia boriti kwa mikono miwili. Kijana alitulia, akabebwa kwenda kulala, meza ikafutwa, na Paka bado yuko pale pale. Waliomuuliza kutoka chini kama anahitaji kitu aliwajibu kwamba anapima. Alipima mpaka jua likaanza kuinama. Hatimaye Mama Mkubwa akatoka uani, akamtazama kwa muda, akaelewa. Aliishika ngazi kwa mikono yake minene, na pembeni yake akaja yule kijana aliyeanguka, ameshaamka, uso umevimba kwa usingizi.

"Fundi," kijana akasema, "mguu wa kushoto kwanza. Usinitazame mimi, tazama ngazi. Haya, wa kulia."

Ndivyo Paka alivyoteremshwa kutoka kwenye paa, kwa amri za mtu ambaye alikuwa anamwogopa kuliko kitu chochote duniani. Kijana huyo nyumbani humo walimwita Jemadari, kwa kuwa hapakuwa na jambo ambalo hakulitolea amri, kuanzia chumvi ya mboga hadi mpangilio wa viatu mlangoni. Mama Mkubwa alimpa Paka maji ya kunywa, akamwambia kwamba upande wa mashariki wa jengo kuna chumba kitupu cha mke na mume, kisha akaingia ndani bila kusubiri jibu.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliuliza kanisani kama kuna mke na mume wanaosikia kuitwa kwenda kuishi kule. Paka aliinama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Alikuwa amesikia. Ilikuwa kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya soko akajifanya hamnazo, huku shingo yote inawaka. Wiki nzima akawa anasali, na sala zake zilikuwa za kumpendekezea Mungu watu wengine: alimtajia fundi bomba, alimtajia mzee wa kwaya na mkewe, wote wenye vifua vipana kuliko chake. Haikusaidia. Kila alipofumba macho aliona ule mkono wa mzee juu ya mguu wa kijana, na kila alipouona alitamani awe pale, na papo hapo akafumbua macho.

Alimwambia mkewe siku ya Jumamosi. Mkewe alikuwa fundi wa mapazia. Alikuwa na cherehani karibu na dirisha na kitambaa cha kijani kimejaa sakafu nzima. Paka alisimama mlangoni, akalisema lote kwa pumzi moja, kama mtu anayetema kitu cha moto. Cherehani ikanyamaza.

"Unataka nikaishi na kile kilichomuua ndugu yangu?" mkewe akauliza.

"Sitaki," Paka akajibu. "Naogopa kuliko wewe. Ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza."

Mkewe alirudi kwenye mshono wake, na kwa siku nyingi baada ya hapo waliongea habari za chakula na mvua tu. Habari, hata hivyo, zina miguu. Mama mkwe alizipata, akaja na mkoba wake, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kuongea polepole, na watu walimheshimu kwa hilo. Akamgeukia mkwewe.

"Mmoja hakutosha?" akasema. "Sasa unamchukua na huyu?"

Paka alimsindikiza mama mkwe mpaka barabarani, akiwa nyuma yake hatua chache, na mama hakugeuka kuaga.

Kilichobadilisha mambo ni mapazia. Nyumba ile haikuwa na hata moja, na Mama Mkubwa akaagiza. Kazi ni kazi. Mke wa Paka alichukua futi yake akaenda kupima madirisha, akisema ataingia na kutoka. Alirudi jioni. Alikaa kitandani bila kuvua viatu, akasimulia kwamba Jemadari ndiye aliyemshikia ncha ya futi dirisha kwa dirisha, akimsahihisha, na kwamba katika maongezi kijana alimweleza jinsi alivyowahi kufanya kazi kiwanda cha sabuni. Alikificha kifafa huko mwaka mzima. Alikuwa akimeza dawa chooni. Siku alipoanguka mbele ya wenzake, msimamizi aliamuru ndoo aliyoishika itupwe, na siku hiyo hiyo akaambiwa asirudi. Nyumbani nako wakampangia kulala kwenye banda la kuni.

"Mdogo wangu alinificha mimi," mke wa Paka akasema. "Mimi niliyemlea. Alijua ningeogopa, na kweli ningeogopa." Alivua kiatu kimoja. "Nataka kukaa mahali ambapo mtu hafichi. Lakini nakwambia mapema, nitakuwa natetemeka kila siku."

Walihama mwanzoni mwa mwezi, kwa majaribio, wakabeba kitanda, cherehani na masanduku mawili. Jirani yao mwenye duka aliwakopesha gari lake dogo la mizigo, ila yeye mwenyewe alisimama ng'ambo ya barabara mpaka mizigo yote ikashushwa.

Sasa ikaanza hofu ya kila siku, ambayo ni tofauti na ile ya kuwaza ukiwa mbali. Nyumba yenye watu kumi na wawili haikosi vishindo. Mfuniko ukianguka jikoni, Paka anaruka. Mtu akiangusha kitabu wakati wa sala ya asubuhi, wenzake wanasema amina na yeye yuko mlangoni tayari. Alichagua kiti cha mwisho mezani ili mgongo wake uelekee uani. Walifundishwa yeye na mkewe mambo machache ya lazima: sogeza vitu, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, usimbane, tazama saa, zikipita dakika tano bila kukoma, ni hospitali. Aliyakariri kama mtoto wa darasa la kwanza. Lakini mtu alipoanguka kweli, miguu yake ilimpeleka nje kabla akili haijaulizwa, na muda mfupi baadaye watu walimsikia anagonga msumari mahali fulani ambapo hapakuhitaji msumari.

Mkewe alijifunza haraka zaidi. Aliuma meno, akapiga magoti, akafanya, kisha akaenda chumbani kulia kidogo na kurudi. Paka aliona aibu mbele yake. Siku moja alimfuata Mama Mkubwa jikoni, akamwambia kwamba pengine alisikia vibaya, pengine aliyeitwa alikuwa mtu mwingine. Mama Mkubwa alikuwa anachambua mchele. Alimjibu kwamba hajui nani kaitwa na nani hakuitwa, yeye anachojua ni kwamba mfereji wa maji ya mvua upande wa nyuma umelegea, na akimaliza aje ale.

Siku hiyo hiyo jambo likatokea. Mama Mkubwa, mwalimu na mkewe waliondoka baada ya chakula kuwapeleka wagonjwa wanne kliniki. Mawingu yalikuwa yamejaa. Paka aliweka ngazi nyuma ya jengo, na Jemadari akaja kuishika bila kuombwa. Mara nyingi alikuwa ameomba naye apande, na kila mara Paka alimkatalia kwa ukali usio wa kawaida yake. Siku hiyo kijana hakuomba. Alishika tu, akawa anatoa maagizo kuhusu waya wa kufungia mfereji.

Paka alikuwa amehamia kwenye bati, amelala kifudifudi anafunga mfereji, aliposikia maagizo yamekatika katikati ya neno. Ngazi ikakwaruza ukuta, ikaanguka. Alichungulia ukingoni. Jemadari alikuwa chini kwenye saruji, amekakamaa, kichwa karibu kabisa na jiwe la kufulia.

Mkono wa kijana ulikuwa unagonga saruji kwa mdundo aliokuwa ameukimbia miaka yote. Alimwita mkewe, sauti haikutoka. Aliita tena, ikatoka nyembamba kama ya mtoto. Mkewe alikuwa chumbani upande wa pili, cherehani inanguruma, na wagonjwa wawili waliobaki walikuwa wamelala. Ndipo Paka alipotambaa mpaka penye nguzo ya baraza, akaikumbatia, akateremka akichubuka mikono na magoti. Huko nyuma kila alipoona hivi alikuwa na mlango wa kutokea. Leo mlango pekee ulikuwa kwa Jemadari.

Alipiga magoti. Alivuta jiwe. Alivua shati lake akalikunja chini ya kichwa cha kijana. Mikono ilimtetemeka kiasi kwamba usingejua kati ya wawili hao mgonjwa ni nani. Alimgeuza ubavu, povu likamgusa kiganja, na mwili wake wote ukataka kukiondoa kiganja hicho. Hakukiondoa. Mkewe akatokea mbio, akaona, akasimama ghafla kama aliyegonga ukuta. Alikuwa anamwona mdogo wake. Kisha akaangalia saa yake ya mkononi, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini.

Degedege halikukoma. Lilipungua, wakapumua, likarudi kwa nguvu zaidi. Midomo ya Jemadari ilianza kubadilika rangi. Mkewe akasema muda umepita, na Paka akasikia sauti yake mwenyewe ikimwambia akimbie kwa mwenye duka.

Mwenye duka alikuja na gari. Alifungua mlango wa nyuma, akarudi nyuma hatua tatu, mikono kifuani. Hakuna aliyemlaumu; Paka aliijua hofu hiyo kwa ndani kuliko yeyote. Yeye na mkewe walimwinua Jemadari, mmoja kichwani, mmoja miguuni, wakampandisha. Mvua ikaanza wakiwa njiani. Paka alikaa kwenye bati la gari, kijana ameegemea paja lake, na njia nzima alikuwa anasali sala isiyo na maneno zaidi ya mawili, usimchukue, usimchukue, huku anatazama kifua kile kama kitainuka tena. Mkewe alikuwa ameshika shati la mumewe lililolowa juu ya uso wa kijana kumzuilia mvua. Kwenye kioo waliona macho ya mwenye duka yakiwatazama mara kwa mara, na gari likiongezwa mwendo.

Hospitali walimpokea, wakamchoma sindano, wakamwingiza ndani. Paka na mkewe walikaa kwenye benchi la korido wakiwa wamelowa, Paka kifua wazi. Mwenye duka alikuwa amesimama karibu na lango. Baada ya muda alikuja akavua koti lake, akampa Paka, akaketi mwisho wa benchi. Daktari alipotoka aliwaambia kwamba kijana ametoka hatarini, atalala pale siku chache, na dawa zake zitabadilishwa. Mke wa Paka aliinama akalia kwa sauti, kilio alichokuwa hajakilia tangu mazishi ya mdogo wake, na mumewe akamshika mabega, naye meno yanagongana.

Paka alitarajia kwamba baada ya siku hiyo atakuwa mtu mwingine. Asubuhi iliyofuata mfuniko ulianguka jikoni, akaruka kama kawaida. Alivunjika moyo sana. Kwenye mkutano wa nyumba, ambapo kila mmoja husema lililomlemea, aliwaambia wazi kwamba hofu haijaondoka hata kidogo, na kwamba kama walimngoja awe jasiri, wasimngoje. Mwalimu akasema yeye huogopa kulala. Mke wa mwalimu akasema huogopa siku ambayo saa itasimama na yeye hajaona. Mzee mgonjwa akasema huogopa kuamka akute watu wamechoka naye wameondoka.

"Mimi naogopa simu," Mama Mkubwa akasema. "Ikilia nipo mbali na nyumba, nakaa kwanza ndipo napokea. Miaka yote hii." Akamgeukia Paka. "Mungu angekuwa anatafuta wasioogopa, humu ndani kungekuwa kutupu."

Wakapatana jambo moja dogo: kwamba anayehisi amezidiwa atasema, na mwingine atasimama naye, asiachwe peke yake wala asilazimishwe. Tangu hapo Paka hakugonga tena misumari isiyo na kazi. Alisema, "Nimezidiwa," na mtu akaja akapiga magoti kando yake, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mkewe. Miezi ya majaribio iliisha bila mtu kukumbuka kuitaja. Jemadari alirudi mwembamba na mwenye amri zaidi, akagundua mapazia yametundikwa vibaya wakati hayupo.

Mama mkwe alikuja mwishoni mwa mwaka, bila taarifa, mkoba mkononi. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Aliketi kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango, na Paka, ambaye alikijua vizuri kiti kile, akakaa upande wa pili wa meza asijue mikono yake aiweke wapi. Mkewe alitoka jikoni, akamwamkia mama yake, akaketi sakafuni karibu na miguu yake. Waliulizana habari za afya. Mama mkwe alitazama nyuso za wale waliokuwa wakipita, mmoja mmoja, kama anayemtafuta mtu.

Jemadari alileta chai. Alimwekea mgeni kikombe mbele yake, akamwambia kwa heshima kwamba ni ya moto, asubiri kidogo, kisha ainywe yote kwa sababu sukari imebaki chini. Mama mkwe alimtazama kijana, akatazama vidole vyake vilivyokuwa vimeshika kikombe kile. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, na chai ikawa inacheza ndani yake. Mama akakaa hivyo mpaka mvuke ukaisha, akakiinua, akanywa.